Golini kasimama nani, na nani kamsimamisha?



Leo naomba tuongee mpira kidogo. Najua wapo watakaosema, "Jamani, na hapa tena Simba na Yanga?" Vumilieni. Swali lenyewe ni la maisha yetu, ila mpira ndio umeliweka hadharani kila mtu akaliona: mtu akichaguliwa kwa kazi kubwa, kazi ikamshinda mbele ya macho ya watu, nani wa kuulizwa? Yeye, au waliomchagua? Na tukishamaliza kuuliza, yule mtu tunamfanyaje?

Turudi Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Simba waliingia hawajapoteza mchezo hata mmoja wa ligi msimu ule. Mwezi uliotangulia walikuwa wametoka sare mbili na Al Ahly ya Misri kwenye African Football League, 2–2 nyumbani na 1–1 Cairo, wakatolewa kwa sababu ya mabao ya ugenini tu. Kwa hiyo kwenye vibanda umiza, kuanzia Mombo pale chini hadi Lushoto mjini, mashabiki wa Simba walikuwa na kila sababu ya kuvimba. Dakika ya 3 Kennedy Musonda akaifungia Yanga. Dakika ya 9 Kibu Denis akasawazisha. Mapumziko 1–1, watu wakanywa chai yao kwa amani.

Halafu kipindi cha pili. Maxi Nzengeli dakika ya 64, Aziz Ki dakika ya 73, Maxi tena dakika ya 77, Pacome Zouzoua kwa penalti dakika ya 87. Mabao manne ndani ya dakika ishirini na kitu. Ikaisha 5–1, na mpaka leo shabiki wa Yanga akitaka kukumaliza hasemi neno, anakuonyesha tu vidole vitano. Siku mbili baadaye, tarehe 7 Novemba, Simba wakatangaza kuachana na kocha wao, Mbrazili Robertinho.

Watu waliposhuka kutoka kwenye mshtuko, mazungumzo yakahamia kwa mtu mmoja: kipa. Siku hiyo alisimama Aishi Manula, na huyu si kipa wa kuokota. Alitoka Azam mwaka 2017, akadaka Simba ikichukua ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, na kwa miaka akawa kipa namba moja wa Taifa Stars. Ila mwaka huohuo wa 2023 aliumia, akakaa nje kwa miezi kadhaa. Akiwa nje, nafasi ikamwangukia kijana ambaye wengi hawakuwa wakimwongelea kabisa, Ally Salim. Tarehe 16 Aprili akawekwa kwenye dabi, Simba ikashinda 2–0. Wiki hiyohiyo akadaka dhidi ya Wydad Casablanca kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Na tarehe 13 Agosti, hapa kwetu mkoani Tanga, Uwanja wa Mkwakwani, fainali ya Ngao ya Jamii dhidi ya Yanga ikaenda penalti na kijana akaokoa tatu. Klabu ilikuwa imemsajili pia Ayoub Lakred kutoka Morocco. Ndiyo kusema Novemba ilipofika, kocha alikuwa na makipa watatu wa kuchagua, na yeye akamchagua yule mwenye jina kubwa na historia ndefu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kwenye majeraha.

Moyo wa kocha anaujua mwenyewe na Mungu wake. Ila kwa mtu anayetazama kwa haki, chaguo lile lilikuwa na maana yake. Dabi ya Kariakoo si mechi ya kujaribia watu. Unataka kipa ambaye makelele hayamtishi. Kama Simba wangeshinda 2–1 tungesema, "Unaona? Uzoefu hauuzwi dukani." Chaguo lingekuwa lilelile, kipa yuleyule, na sisi tungeliita busara. Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu wengi wetu tunapima uamuzi kwa matokeo peke yake. Ukifanikiwa ulikuwa na akili, ukishindwa ulikuwa mjinga. Kanisa halipimi hivyo. Katekisimu inapofundisha juu ya uadilifu wa tendo inatazama lile lenyewe ulilolichagua, nia yako, na mazingira yake. Matokeo yako ndani ya mazingira, yana uzito wake, lakini hayawezi peke yake kuligeuza jema kuwa baya.

Hiyo haina maana kwamba kila aliyechagua vibaya tumwambie pole yakaisha. Kuna fadhila inaitwa busara, na Mtakatifu Thomas wa Akwino anaposema juu yake anaorodhesha sehemu zake: kumbukumbu imo, lakini pia imo kutazama mbele, imo kusikiliza wengine, imo kuyaona mazingira yalivyo. Kumbukumbu ni moja kati ya hizo. Ukichagua mtu kwa kumbukumbu peke yake, unamchagua mtu wa miaka mitatu nyuma, na anayekuja kazini ni wa leo. Wa leo ana goti linalouma, au ana mtoto mchanga, au ameanza kuendesha bodaboda usiku. Mimi naona kosa la machaguo mengi liko hapa, na si kwa makocha tu. Angalieni uchaguzi wa viongozi wa vijana kwenye vigango vyetu huku milimani. Jina linatajwa, "Fulani alikuwa mwenyekiti mzuri sana enzi zile," makofi, imekwisha. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza. Hakuna aliyemuuliza hata kama anataka! Miezi sita baadaye vikao havifanyiki, na tunaanza kusema amebadilika, siku hizi anaringa.

Na kuna jambo la pili ambalo wasiocheza mpira hawalioni. Kipa hachezi peke yake. Mbele yake wako watu kumi. Yale mabao manne ya kipindi cha pili hayakuanzia kwenye mikono ya Manula. Yanga ya Gamondi siku ile ilikuwa inawapita Simba katikati ya uwanja, na mpira ulipomfikia kipa kazi ilikuwa imeshaharibika huko mbele. Lakini kamera inamwonyesha nani? Inamwonyesha yule anayeokota mpira wavuni. Mweka hazina wa kikundi akipoteza hesabu, tunamwona yeye. Hatuwaoni waliompa fedha taslimu awe anakaa nazo nyumbani, bila daftari, bila mtu wa pili wa kukagua. Ukimweka mtu golini bila mabeki, umeshamfunga mabao kabla mechi haijaanza.

Sasa sikilizeni hili. Tarehe 5 Novemba 2023 kwa kalenda ya Kanisa ilikuwa Dominika ya 31 ya Mwaka A. Injili ya siku hiyo ni Mathayo sura ya 23, pale Bwana Yesu anaposema juu ya wanaofunga mizigo mizito, wakawatwika watu mabegani, na wao wenyewe hawataki kuigusa hata kwa kidole. Asubuhi Injili hiyo, jioni mechi. Wangapi walitoka Misa wakaenda moja kwa moja kibandani, na kabla ya saa moja usiku walikuwa wanamtukana mtu aliyebebeshwa mzigo wa watu milioni kadhaa? Sisemi hili kwa kejeli. Mpira una uchungu wake, na shabiki aliyeumia anaruhusiwa kusema timu imecheza vibaya, kipa alikaa vibaya, kocha alikosea kikosi. Hayo ni maoni, na mengine ni ya kweli kabisa. Lakini mnajua jinsi maneno yanavyosafiri. Kipa akifungwa matatu kwenye mechi kubwa hapa kwetu, si muda utasikia amekula hela, kauza mechi, huyo ni wa upande ule toka zamani. Msemaji hana ushahidi hata wa shilingi mia.

Katekisimu namba 2477 inayataja haya kwa majina yake, chini ya Amri ya Nane. Ukiamini moyoni kwamba mwenzako ana kosa bila kuwa na msingi wa kutosha, hata kama hujatamka, hiyo tayari ni hukumu ya harakaharaka. Ukitoa makosa yake ya kweli kwa watu wasioyajua, bila sababu halali, hayo ni masengenyo. Ukisema uongo unaomharibia jina, umemsingizia. Namba inayofuata, 2478, inatupa dawa, na inaichukua kwa Mtakatifu Inyasi wa Loyola: Mkristo mwema awe mwepesi zaidi kuyapokea maneno ya mwenzake kwa maana njema kuliko kuyalaani, na asipoweza, amuulize. Amuulize! Kitu kidogo namna hiyo, lakini ni nani alishawahi kumwendea mwenyekiti aliyeshindwa akamuuliza, "Kaka, ilikuwaje?"

Wamarekani wana mpira wao ule wa kubeba mkononi, wenye mchezaji mmoja anayeendesha timu nzima, wanamwita kotabeki. Kila mwaka klabu zao zinapanga foleni kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Mwaka 1998 walikuwepo makotabeki wawili waliowagawa wataalamu, Peyton Manning na Ryan Leaf. Indianapolis Colts walichagua kwanza, wakamchukua Manning. San Diego Chargers wakachagua wa pili, wakamchukua Leaf. Manning akawa mmoja wa wakubwa wa mchezo ule. Leaf miaka michache tu akawa nje ya mpira, na jina lake hadi leo linatumika kama mfano kila klabu inapochagua vibaya. Baadaye akanaswa na dawa za maumivu, mwaka 2012 akakamatwa kwa kuingia kwenye nyumba za watu kuzitafuta, akafungwa, akatoka mwishoni mwa 2014. Tangu hapo amekuwa akizungumza hadharani kuwasaidia waliokamatwa na ulevi huo. Leaf mwenyewe alikuwa na makosa yake, ya tabia na ya kazi, na hayafichi. Lakini mtu kuitwa kosa la klabu fulani, miaka na miaka, kana kwamba kuzaliwa kwake kote ni chaguo baya la watu wengine! Mtu hawezi kuwa kosa. Mtu anaweza kukosea, au wengine wakakosea juu yake.

Tukija kwenye Biblia, wengi tunakimbilia kwa Daudi, mdogo wa mwisho aliyekuwa machungani wakati kaka zake wanapita mbele ya Samweli. Ni hadithi nzuri, ila mimi hunisumbua zaidi aliyetangulia, Sauli. Sauli hakuchaguliwa na kamati. Mungu ndiye aliyemwonyesha Samweli, akapakwa mafuta, na akashindwa. Maana yake hata chaguo linalotoka kwa Mungu halimwondolei aliyechaguliwa uhuru wake. Kwa hiyo tusiseme kwamba kila kushindwa ni dalili kuwa tangu mwanzo mtu hakuitwa. Na tazameni Samweli alifanya nini. Kitabu kinasema alimlilia Sauli, aliomboleza juu yake, mpaka Mungu akamuuliza ataomboleza hadi lini. Hakuzunguka Israeli akisema, "Mimi nilijua tu." Nabii mzima alilia kwa ajili ya mtu aliyemshinda.

Nimeanza na mpira ila tangu mwanzo nilikuwa na watu wengine kichwani. Huku Soni tunaishi jirani na seminari. Tunawaona wale vijana wakipita, tunawasikia wakiimba. Na kila kigango cha milima hii kinajua inavyokuwa mtoto wake akienda seminari. Padre anamtangaza, jumuiya inachanga, mama mmoja anauza karoti gulioni anunue shuka na ndoo. Bibi anaanza kumwita "Padre" hata kabla hajamaliza kidato cha kwanza. Sote tumemchagua, au tunajisikia hivyo.

Halafu siku moja anarudi na sanduku. Labda amesali, ameongea na walezi wake, ameona wito wake uko kwingine. Labda masomo yamemzidi. Labda ameambiwa aondoke. Sababu ni nyingi, na nyingi hazituhusu. Lakini kuanzia stendi, kabla hajafika nyumbani, maneno yameshafika. "Kafukuzwa." "Ni wasichana huyo." Dominika ya kwanza anakaa benchi la nyuma, ya pili anasali kigango kingine ambako hawamjui, ya tatu hatumwoni tena. Kijana aliyekuwa tayari kumpa Mungu maisha yake yote tunamfukuza kanisani kwa macho tu. Na sisi ndio tuliochanga!

Neno seminari lenyewe linatoka kwenye Kilatini na maana yake ni kitalu cha miche. Nani asiyejua kitalu huku? Mkulima wa kabichi anaotesha miche mingi mahali pamoja, anaimwagilia, anaitazama, kisha anaihamisha. Kuna inayohamishiwa shamba la juu, kuna inayokwenda bondeni karibu na mto. Hakuna mkulima anayeutukana mche kwa sababu ameuhamishia bondeni. Miaka ya malezi ipo kwa ajili ya kutazama, na anayetazamwa akaonekana ni wa shamba jingine hajashindwa mtihani wowote. Hata yule aliyeondolewa kwa kosa la kweli bado ni mbatizwa, bado ni wa jumuiya yetu.

Na sisi watu wa Usambara tungepaswa kuwa wa mwisho kabisa kumdharau mtu aliyekataliwa mahali. Wazee wanasimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu. Kwao walimwona kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, mwenye nuksi, ndugu zake wakamkatalia urithi akakimbia. Akapanda milima hii na mbwa wake, akiwinda nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, akiwagawia watu nyama. Wasambaa wakamfanya mfalme wao pale Vugha, na uzao wake, Wakilindi, ukatawala vizazi na vizazi. Mkosi wa Ngulu ndiye mfalme wa Vugha, na mtu ni yuleyule.

Manula naye hakuishia kwenye ile Jumapili. Januari 2024, miezi haijafika mitatu, Taifa Stars walikuwa Ivory Coast kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Walianza kwa kufungwa 3–0 na Morocco, kocha mkuu akafungiwa na CAF, timu ikabaki mikononi mwa mzalendo Hemed Suleiman. Kipa ni yuleyule. Wangeweza kumwambia akae, ameshaonekana. Tarehe 24 Januari, mjini Korhogo, mechi ya mwisho ya kundi dhidi ya Kongo, ikaisha 0–0. Hatukusonga mbele, lakini kwenye kitabu cha mechi pale penye jina la Manula hakuna bao.

Yupo mmoja kwenye Matendo ya Mitume ambaye nikimkumbuka huwa nawakumbuka hao vijana wanaorudi na sanduku. Yohane Marko. Alianza safari na Paulo na Barnaba, walipofika Pamfilia akawaacha akarudi zake Yerusalemu. Safari ya pili Barnaba akataka wamchukue tena. Paulo akakataa katakata: huyu alituacha njiani. Wakagombana, mitume wazima, mpaka wakatengana. Paulo akaenda na Sila. Barnaba akamchukua Marko wakapanda merikebu kwenda Kipro, na hatuambiwi walizungumza nini huko baharini. Ninachojua ni kwamba ilibidi awepo mtu mmoja wa kusafiri naye.

Miaka ikapita. Paulo yuko kifungoni, amezeeka, anaona mwisho wake umekaribia, wengi wamemwacha. Anamwandikia Timotheo, barua ya pili, sura ya nne, na anataja anavyovihitaji aletewe. Joho aliloliacha Troa. Vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Na Marko, kwa sababu, anasema, anamfaa kwa kazi.